Franco Hakuiona

Mara ya kwanza nione Soul Power, niliitazama na mzee wangu sebuleni kwa laptopu. James Brown alipotokea, jasho likimtiririka, mzee alitikisa kichwa tu. "Huyu namjua. Franco anaingia saa ngapi?"

Franco aliingia, akapiga kidogo, akapita. Mzee akaniangalia. "Ni hayo tu?"

Swali hilo lilinifanya nifuatilie stori ya filamu yenyewe. Septemba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane Kinshasa. Hugh Masekela wa Afrika Kusini na rafiki yake, produsa Stewart Levine, wakaandaa tamasha la siku tatu liende sambamba na pambano. Siku chache kabla, Foreman akapasuka karibu na jicho akiwa mazoezini, na ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki haukungoja. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba walipanda jukwaani B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, Tabu Ley, na Franco na TPOK Jazz yake.

Mobutu alitaka dunia iione Zaire yake, na kamera zilikuwepo. Leon Gast alirekodi masaa na masaa. Kisha zikaja shida za pesa, zikaja kesi, kanda zikakaa tu. When We Were Kings ilitoka 1996, ikashinda Oscar, lakini humo ngumi zilikuwa zimemeza muziki. Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wake, hakusahau kilichobaki kwenye zile kanda. Akatengeneza Soul Power, 2008. Miaka 34 baadaye.

Na ni filamu tamu, sikatai. Kuna Bill Withers na gitaa lake, kimya kimya, mpaka unasahau kuna uwanja mzima mbele yake. Kuna wanamuziki wakipiga ngoma ndani ya ndege kama wako matatu ya kwenda harusi. Lakini nyota ni wageni. Wenyeji wanapewa nafasi ya kupitia. Albamu ya wasanii wa Afrika peke yao, kutoka jukwaa lile lile, ilitoka 2017. Miaka 43! Franco alikuwa ameaga 1989. Hakuona hata filamu moja kati ya hizo mbili. Tabu Ley alifariki 2013, albamu ikiwa bado.

Simlaumu Levy-Hinte. Mtu huhariri akijua nani atakata tiketi. Ila sisi tukingoja wengine watuharirie, tutakuwa tunajiona dakika mbili mbili.

Tena si Kinshasa tu. Miaka hiyo hiyo ya sabini Nairobi ilikuwa na Wakongo wake: Super Mazembe, Baba Gaston, Les Mangelepa. Nyimbo zao nazijua tangu utotoni, harusi kwa harusi. Nyuso zao je? Ya James Brown naijua vizuri zaidi, hadi jasho.

Juzi nilimwekea mzee ile albamu ya 2017. Alinyamaza mpaka sebene ilipoingia. Kisha akaanza kunitajia kumbi alizocheza densi akiwa kijana, nani alikuwa kwa gitaa, nani alilipia bia, kumbi ambazo leo ni supamaketi.

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, baba." Nikatoa simu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.