Hodi Bila Nenosiri

Mwaka 2003 nilikuwa nikihudumu katika saiba moja ya ghorofani, River Road, Nairobi. Jioni moja akaingia mwalimu mmoja mzee, kapakata kompyuta yake kama mtoto. Alitaka kutuma ombi la karo ya binti yake, na mwisho ulikuwa saa sita usiku. Mfadhili alitaka ombi litoke kwenye anwani aliyoisajili, si nyingine. Nikamchomekea waya. Barua za watu zikaingia moja baada ya nyingine. Yake ikakataa kutoka.

"Kijana, mbona zinaingia na hazitoki?"

Nikazima, nikawasha. Kila mara iliibuka nambari ile ile, 550, na maneno ya Kiingereza ya kusema upitishaji umekataliwa. Mwishowe nikambwagia jibu letu la siku zote: "Mwalimu, hii mashini iko na virusi." Akalipa, akashuka ngazi taratibu.

Haikuwa virusi. Ilikuwa historia, na mimi sikuijua.

Barua pepe ilikulia mahali palipofanana na kijiji. Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alipochapisha kanuni za SMTP, zile ambazo seva hufuata kupokezana barua, mtandao ulikuwa wa watafiti, vyuo na jeshi la Marekani. Ilitosha kubisha hodi kwa neno HELO, kutaja anayetuma na anayetumiwa, kisha kukabidhi barua. Hakuna aliyeuliza nenosiri. Seva iliyopokea barua ya mgeni na kuisogeza mbele ilionekana jirani mwema.

Dalili za ubaya zilikuwepo. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu takriban 400 tangazo ambalo hawakuliomba. Akakaripiwa, mambo yakapita. Kanuni za 1982 zikaja bado mlango uko wazi.

Miaka ya 1990 biashara iliingia mtandaoni na kijiji kikawa jiji. Watuma barua taka wakawinda seva zilizo wazi. Unaikabidhi seva ya wenyewe barua moja na orodha ya maelfu ya anwani, nayo inabeba mzigo, gharama na lawama. Watu kama Paul Vixie wakaanza kuorodhesha wakosaji ili seva nyingine ziwafungie mlango. Mwaka 1998 Sendmail, programu iliyotumika sana kusafirisha barua, ilitoa toleo la 8.9, ambalo lilikataa kupitisha barua za wageni hata kabla mwenye seva hajaliagiza.

Sasa mgeni ni nani? Jibu la kwanza lilikuwa pahali. Kampuni iliyokuuzia intaneti ndiyo iliyokupa namba ya mtandao kila ulipopiga simu kuunganishwa, kwa hivyo ilikutambua bila kukuuliza kitu. Lakini ukienda safari, ukaunganishwa na kampuni nyingine, unakuwa mgeni mbele ya seva yako mwenyewe. Ndivyo ilivyomkuta mwalimu wangu: nyumbani mwenyeji, River Road mgeni.

Jibu la pili lilikuwa jina na nenosiri. Desemba 1998 ilitoka kanuni ya kuwapa watumiaji mlango wao, namba 587, mbali na ule wa 25 ambapo seva hukutana. Machi 1999 John Myers akachapisha namna ya mtumaji kujithibitisha kabla barua yake haijachukuliwa.

Mlango wa 25 haukufungwa. Seva ikiletewa barua ya mtu wake, haimdai mletaji nenosiri; ingedai, hakuna mtu mpya ambaye angeweza kukuandikia. Inadai pale unapotaka iibebe barua yako kwenda kwa wengine. Ni kama soja wa geti: kuachiwa bahasha ya mpangaji ni kazi yake, lakini ukimtuma mjini kwa jina la mtaa, lazima kwanza akujue.

Kinachonishangaza ni kwamba kuchukua barua zako kulidai nenosiri tangu zamani, ndiyo maana zile za mwalimu ziliingia. Waliotangulia waliogopa mtu kusoma barua za mwenzake. Kwamba kutuma nako kunaweza kudhuru, walikuja kulijua baadaye.

Na dawa? Kwenye mipangilio ya programu yake ya barua kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuiarifu kwamba seva ya kutuma inahitaji uthibitisho. Siku hizo kilikaa kitupu mpaka mtu akitie alama, na huenda alama hiyo moja ingetosha. Nilikiona jioni ile. Nikakipita.

Mwalimu, sikuwahi kujua kama binti yako alipata karo. Kompyuta yako ilikuwa nzima.