Temnothorax americanus

Temnothorax americanus ni spishi ya sisimizi wadogo wa nusufamilia Myrmicinae wanaoishi mashariki mwa Marekani na kusini-mashariki mwa Kanada. Mwitalia Carlo Emery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1895. Kwa miaka mingi iliwekwa peke yake katika jenasi Protomognathus, hadi ilipohamishiwa Temnothorax mwaka 2015.

Mfanyakazi ana urefu wa mm 2 hadi 3. Kichwa chake ni kipana na kina mifereji ya kulazia vipapasio. Koloni nzima huenea ndani ya tunda moja la mwaloni lililobaki ganda tupu, au ndani ya kijiti kilichooza.

Sisimizi hawa hawatafuti chakula wala hawalei watoto wao. Kazi hizo hufanywa na wafanyakazi wa spishi tatu za jenasi hiyohiyo: T. longispinosus, T. curvispinosus na T. ambiguus. Wakati wa kiangazi T. americanus huvamia viota vya majirani hao, huua au hufukuza wakubwa na kubeba lava na mabundo. Kemikali kutoka tezi ya Dufour iliyopo fumbationi huwachanganya wenyeji hata wakashambuliana wenyewe kwa wenyewe. Mateka wakishakuwa wapevu hutumikia kiota kipya kana kwamba ni kwao. Wataalamu wengi huwaita "watumwa", ingawa Joan Herbers wa Marekani alipendekeza wavamizi waitwe "maharamia" badala ya kutumia lugha ya utumwa.

Utumishi huo una mpaka. Mwaka 2009 Alexandra Achenbach na Susanne Foitzik walionyesha kwamba mateka hulea lava wa mabwana zao vizuri, lakini lava hao wakigeuka mabundo huwararua au huwatupa nje. Takriban theluthi mbili ya mabundo hufa. Utafiti wa 2012 ulikuta tofauti za mahali: mabundo waliopona walikuwa asilimia 27 huko West Virginia, 49 New York na 58 Ohio.

Faida yake si dhahiri, kwa sababu mateka hawazai. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ndugu zao mara nyingi huishi viota vya karibu, na koloni ya wavamizi iliyopungukiwa na wafanyakazi hushambulia mara chache zaidi.