Misimu Yote ya Nani? Historia Fupi ya Jina la Tairi

Niliamini neno lililoandikwa kwenye tairi, na nusura nimpoteze mwanangu.

Mwaka wangu wa kwanza Minneapolis nilinunua gari la mtumba. Muuzaji alilipiga teke tairi la mbele, akanionyesha herufi mbili ubavuni, M na S, akaniambia haya ni matairi ya misimu yote, hutahitaji kubadilisha kitu. Mimi ni mtu wa Tanga. Misimu ninayoijua ni masika na vuli, kiangazi na kipupwe, na tairi kwetu ni tairi tu ilimradi si kipara. Nikaridhika, nikalipa.

Ilikuwa Desemba, alfajiri. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikampitia mwanangu kwa jirani, amekaa kiti cha nyuma. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mdogo tu, barabara nyeupe, taa nyekundu. Nikakanyaga breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, lakini gari likaendelea kushuka taratibu, kama mtumbwi uliokatika kamba. Tukaipita taa, tukavuka njia panda nzima, tukaishia kwenye rundo la theluji upande wa pili. Dereva wa basi lililokuwa likija alikuwa amepunguza mwendo mapema. Huyo ndiye aliyetuokoa, si breki zangu.

"Mama," mwanangu akauliza, "mbona hujasimama?"

Sikuwa na jibu. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja, mzee wa Mombasa aliyezeekea huku. Akachutama, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi. "Mwanangu, hebu soma sawasawa. M hiyo ni ya matope kwa Kizungu, S ni ya theluji. Barafu wameandika wapi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mpira kama wengine wanavyosoma riwaya. Kumbe tatizo la misimu ni la zamani kuliko tairi lenyewe. Katika miaka ya 1830 Wamarekani walivamia viatu na makoti ya mpira kwa hamu kubwa. Kiangazi kilipofika, vitu hivyo vikayeyuka, vikanata na kunuka. Baridi ilipokuja, vikakakamaa na kupasuka. Wateja wakarudisha bidhaa na viwanda vikafilisika. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, hauyeyuki ovyo wala haupasuki ovyo. Alipata hataza mwaka 1844, na akafa mwaka 1860 akiwa na madeni. Alikuwa ameupunguza ugomvi wa mpira na majira. Hakuumaliza.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Hakuwa wa kwanza kuwa na wazo hilo, maana Robert William Thomson alishalipata miaka ya 1840, lakini safari hii watu walikuwa tayari kununua. Baiskeli zikaenea, kisha magari, na dunia ikataka mpira kwa pupa.

Hapa siwezi kupita mbio. Sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya mwaka 1885 na 1908. Wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu wa mitambaa ya msituni. Walioshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walichapwa, wake zao wakashikwa mateka, vijiji vikachomwa, watu wakauawa na kukatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka mambo hayo mbele ya macho ya Ulaya. Safari laini ya Mzungu juu ya magurudumu ya upepo ilikuwa na gharama yake, na wengi walioilipa hawakuwahi kupanda hata baiskeli.

Turudi kwenye theluji. Watu wa kwanza kuichukulia kama jambo la kutengenezewa tairi lake walikuwa Wafini. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia kilitoa tairi la baridi kwa malori, na mwaka 1936 likafuata la magari madogo. Msimamo wao haukuwa na maneno mengi: majira mawili, matairi ya aina mbili. Watu pia walitia misumari ya chuma kwenye matairi. Misumari inashika barafu kweli, ila inachimba lami. Minnesota, jimbo ninaloishi, iliipiga marufuku mwaka 1971.

Ndipo mwaka 1977 kampuni ya Goodyear, iliyopewa jina la yule marehemu ingawa yeye hakuhusika nayo, ikaleta sokoni tairi la misimu yote lililoitwa Tiempo. Kwa Kihispania neno hilo ni wakati, na pia ni hali ya hewa. Sisi tunalo letu linalokaribia hapo. Majira ni misimu, na saa nayo tunaitia majira. Aliyelichagua jina lile alijua kazi yake. Dereva aliahidiwa kwamba hatahangaika tena na kalenda.

Je, ahadi ni ya kweli? Kwenye mvua, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mifereji mipana ya tairi hukusanya maji na kuyatoa nje ili mpira uguse lami. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa NASA kule Langley walieleza vizuri jinsi gurudumu la ndege linavyoweza kuelea juu ya maji, na jinsi upepo ukipungua tairi linavyoelea kwa mwendo mdogo zaidi. Kwa hiyo tairi la misimu yote lenye mifereji yenye kina na upepo wa kutosha ni rafiki wa masika yoyote.

Kwenye theluji nyepesi nalo linajitahidi. Lina chale, zile mikato myembamba, zinazofunguka na kuuma theluji. Shida ni mpira wenyewe. Ukiutengeneza uvumilie lami ya Julai, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kuwa mgumu, na kwenye baridi ya Minnesota unakuwa kama kiatu cha mbao. Ukiulainisha kwa ajili ya Januari, Julai itaumaliza upesi. Hapo ndipo unamkuta tena Goodyear wa mwaka 1839.

Na zile herufi M na S? Zinaeleza umbo la mifereji tu. Hakuna mtu aliyelazimika kulijaribu tairi hilo kwenye theluji. Mwaka 1999 watengenezaji wa Amerika Kaskazini waliweka alama nyingine, mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, kwa matairi yaliyofaulu jaribio halisi. Hata hivyo jaribio lao lilipima jinsi tairi linavyovuta gari kuondoka, si jinsi linavyolisimamisha. Quebec imelazimisha matairi ya baridi tangu mwaka 2008, na tangu mwisho wa mwaka 2014 M na S peke yake haitoshi kule. Minnesota haijalazimisha chochote. Mgeni anaachiwa ajisomee mwenyewe.

Sisi tunaopenda vitabu hujisifu kwamba tunajua kusoma. Mimi nilisoma "yote" bila kuuliza misimu hiyo ni ya nani, wala imepimwa wapi.

Sasa kila Novemba yule mzee ananifungia matairi ya baridi, yenye mlima ubavuni. Aprili anayarudisha yale ya zamani, na kwa mvua za huku hayana neno. Mwaka huu mwanangu alichutama pembeni yake, akauweka mkono juu ya ile alama.

"Hili litasimama?" akauliza.

"Litasimama vizuri zaidi," mzee akamjibu. "Lakini mwambie mama aende polepole."

Nimeipenda hiyo "zaidi".