Uchungu wenye kupendeza: historia ya bia kali ya hubloni, na fundisho lake kwa pombe zetu

UTANGULIZI

Kwetu Kivu, mutu mwenye kuleta mutungi wa kasiksi anaionja yeye wa kwanza, mbele ya wageni. Wengi wanafikiri ni juu ya kuonyesha kama hakuna sumu ndani. Ni kweli, lakini kuna neno lingine. Kuonja mbele ya watu ni kusema: pombe hii naijua, na nitajibu juu yake. Wazee wenye kuketi pale nao wataonja na kusema kama imeiva ao bado, kama mutama ulikaangwa vizuri, kama mutu aliongeza maji. Ile ni elimu, hata kama haifundishwe ku masomo.

Katika ukurasa huu tutazungumuza juu ya pombe ya watu wengine: ile bia kali, yenye uchungu mwingi wa hubloni, yenye Waingereza waliita India Pale Ale, maana yake bia nyeupe ya India. Musomaji ataniuliza: bia ya Wazungu inaingia namna gani katika kitabu cha desturi? Inaingia kwa sababu bia hiyo ilikaribia kufa kwao, kisha ikafufuka. Tukijua iliuawa na nini, na nani aliifufua, tutaelewa vizuri zaidi hatari yenye iko juu ya pombe za wazee wetu.

1. HUBLONI NI NINI?

Hubloni ni mumea wenye kupanda juu ya miti na kamba, sawa maharagi marefu. Ni wa jamaa moja na bangi, lakini haulevyi kama bangi. Watu wanachuma maua ya mumea wa kike, yenye kufanana na vikoni vidogo vya majani. Ndani yake kuna unga wa rangi ya njano, na ule unga njo wenye uchungu na harufu.

Katika karne ya 12, mutawa Hildegard wa Bingen, katika inchi ya Ujerumani, aliandika kama hubloni inazuia kinywaji kisiharibike. Alisema kweli: hubloni inazuia vijidudu vingi vyenye kuleta uchachu. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliweka sheria kama bia itengenezwe kwa shayiri, hubloni na maji tu. Uingereza ilikawia. Watu wake walikunywa pombe ya shayiri bila hubloni, mupaka karne ya 15 wakati hubloni iliwafikia kutoka inchi za Flandre na Uholanzi.

Tuangalie tofauti na kwetu. Kasiksi haina hubloni. Ndizi zinaiviswa katika shimo, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mutama wa kukaangwa, na baada ya siku chache sharti inywewe. Haiwezi kulala. Njo maana mwenye kasiksi anaita majirani. Bia ya hubloni, yenyewe, inaweza kungojea mununuzi na kusafiri mbali. Kwa hiyo pombe moja ilijenga ujirani, na ingine ilijenga biashara.

2. SAFARI YA INDIA

Kuna hadisi yenye kurudiliwa sana: ati Waingereza walivumbua bia hii juu ya askari wao wa India, kwa sababu bia ya kawaida ilikuwa inaoza njiani. Historia haikuwa nyepesi hivyo. Bia nyeupe zenye nguvu na hubloni mingi zilikuwako Uingereza mbele ya hapo, na askari wa kawaida walipenda zaidi bia nyeusi. Bia nyeupe ilikunywewa hasa na wakubwa wa jeshi na wafanya biashara.

Lenye ni kweli ni hili. Tangu miaka ya 1760 watengenezaji walishauriwa waongeze hubloni katika bia zenye kwenda inchi za joto. Huko London ya mashariki, fasi inaitwa Bow, kulikuwa kiwanda cha George Hodgson, kilichoanza mwaka 1752. Kilikuwa karibu na mahali meli za India zilipopakia, na Hodgson alikubali kuuza kwa mukopo wa muda murefu. Mapipa yalizunguka Afrika nzima, yakapita Rasi ya Tumaini Jema, miezi 4 mupaka 6 juu ya maji, katika baridi na joto. Zilipofika, bia hazikuwa tu zimepona: zilikuwa zimeiva na kuwa tamu kuliko zilivyoondoka.

Kisha nyumba ya Hodgson ikaanza kujivuna juu ya bei na juu ya masharti. Kufikia mwaka 1822, kampuni ya India ilimutafuta mutu mwingine, Samuel Allsopp wa muji wa Burton, mwenye soko lake la Urusi lilikuwa limefungwa na ushuru. Wanasimulia kama mupishi wake alijaribu bia ya kwanza katika birika ya chai. Hadisi ama kweli, maji ya Burton yalishinda: yana chokaa ya jipsi, na maji ya namna ile yanafanya uchungu wa hubloni usikike safi, bila kukwaruza. Allsopp na Bass wakatajirika. Pembetatu nyekundu ya Bass ikawa alama ya biashara ya kwanza kuandikishwa Uingereza, mwaka 1876, na mwaka 1882 Manet, mupiga picha wa Ufaransa, aliichora ku chupa katika picha yake ya bar ya Folies-Bergère.

3. NAMNA ILIVYOANGUKA

Methali inasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hapa maji yalitiwa na wengi. Mwaka 1842, katika muji wa Plzeň, kulizaliwa bia ya rangi ya zahabu, safi, ya kunywewa baridi. Ikaenea dunia nzima, na wengine wakazidi kuipunguzia uchungu mupaka ikawa nyepesi kabisa. Bia za viwanda vya kwetu, kama Primus na Simba, ni wajukuu wa ile ya Plzeň. Ni za karibu asilimia 5 ya alkoli. Viwanda vyenyewe vilianza miaka ya 1920, na hubloni yao inatoka mbali, kwa sababu mumea huo unataka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua mengi; karibu na ikweta, muchana na usiku ni sawa.

Uingereza, vita ya 1914–1918 ilileta ushuru na amri za kupunguza nguvu ya bia. Jina la IPA lilibakia ku chupa, lakini katikati ya karne ya 20 nyingi zilikuwa na karibu asilimia 4 tu. Marekani, sheria ilikataza pombe tangu 1920 mupaka 1933. Viwanda vilivyobaki vilimezana, na mwisho wa miaka ya 1970 inchi ile kubwa ilikuwa na viwanda chini ya 100, karibu vyote vikitoa bia ya namna moja.

Hakuna mutu aliyekataza ile bia ya uchungu. Wanywaji walizoea, watoto wao hawakuionja hata siku moja, na mutu hawezi kudai kitu chenye ulimi wake haukijue.

4. NAMNA ILIVYOFUFUKA

Waliofufua bia hii walikuwa kwanza wanywaji. Mwaka 1971 Waingereza wengine waliunda chama cha kutetea bia ya pipa. Mwaka 1977 Muingereza Michael Jackson (si yule mwimbaji) alitoa kitabu juu ya bia za dunia, akazipanga kwa aina na kuzipatia maneno ya kuonja, sawa vile Wafaransa wanafanya na divai.

Huko San Francisco, Fritz Maytag alinunua mwaka 1965 kiwanda cha Anchor, kilichokuwa karibu kufungwa. Mwaka 1975 alitoa Liberty Ale, kwa hubloni mupya iliyoitwa Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye harufu ya ngozi ya pamplemusi. Mwaka 1978 rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kuruhusu watu watengeneze bia nyumbani. Katika jiko na gereji, mafundi wengi wakajifunza. Ken Grossman alianzisha Sierra Nevada mwaka 1980. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo, huko California, alipika IPA yenye hubloni maradufu. Katika miaka ya 2020 Marekani ina viwanda zaidi ya 9,000, vingi vidogo sana. Hata hivyo kufufuka si kuishi milele: Anchor yenyewe ilifunga milango mwaka 2023.

5. NAMNA YA KUIONJA

Bia hii haikunywewe sawa mutu mwenye kiu. Nguvu yake ni asilimia 6 ao 7, na ile ya maradufu inapita 8. Kwa hiyo gilasi ndogo, na polepole.

Kwanza, isiwe barafu. Baridi kali inaua harufu. Digri 8 mupaka 12 zinatosha. Mimina, acha povu isimame, na unuse mbele ya kunywa. Hubloni yenye ilichemshwa muda murefu inatoa uchungu. Yenye ilitiwa mwisho wa kupika, ao katika pipa wakati bia imekwisha poa, inatoa harufu: machungwa, embe, marakuja, majani ya kukatwa, utomvu wa muti. Kisha onja kidogo. Utamu wa shayiri unakuja kwanza, uchungu unakuja nyuma na kukaa ku ulimi. Fundi muzuri ni yule mwenye vitu hivi viwili havigombane.

Wengi wanakunja uso mara ya kwanza. Mwili unaogopa uchungu, kwa kuwa sumu nyingi ni chungu. Lakini sisi watu wa inchi ya kenkina na kahawa tunajua kama uchungu unafundishika. Jambo la kushangaza: bia iliyosifiwa juu ya kuvumilia miezi 6 baharini, leo inasifiwa ikiwa mbichi, kwa sababu harufu ya hubloni inapotea upesi, na mwangaza unaiharibu. Njo maana chupa nyingi ni za rangi ya udongo.

6. NA SISI?

Turudie kasiksi, na munkoyo wa ndugu zetu wa Katanga, wenye kupikwa kwa unga wa mahindi na mizizi ya porini. Zinatengenezwa hata leo, lakini katika miji yetu mutu akipata feza kidogo anaona haya kuzinywa. Ku ndoa chupa zinapangwa mbele, na mutungi unawekwa nyuma juu ya desturi tu. Kijana anainua mukombo, anagusa mudomo, anapitisha. Hakuonja. Kama hakuonja, hatajua siku moja kama ile pombe ilikuwa nzuri ao mubaya, na mama mwenye kuitengeneza hatakuwa na sababu ya kuchagua ndizi.

Historia ya bia ya hubloni inatuonyesha kama kinywaji kinakufa kwanza ku ulimi wa wanywaji, kisha ku mikono ya mafundi. Waingereza na Wamarekani waliweza kurudi nyuma kwa sababu vitabu vya zamani vya watengenezaji vilibakia, na kiasi cha hubloni kiliandikwa ndani. Sisi, vitabu vyetu ni wamama wazee.

MWISHO

Kazi hii haiombe feza nyingi. Kila mwanachama achukue kalamu, akae na mama mumoja mwenye kutengeneza kasiksi, aandike: ndizi za aina gani, siku ngapi ku shimo, majani gani ya kukamulia, mutama kiasi gani. Aandike na maneno yenye wazee wanatumia wakionja, kwa kishi, kihavu, kirega ao kinande, bila kuyatafsiri kwanza. Na siku ya ndoa, mutungi ukipita, asiguse mudomo tu. Aonje, kisha aseme kweli iko namna gani.