Asilimia ya diploma inatoka wapi? Historia ya pointi, toka Kongo hadi Uganda

Kila mara matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, mtaani inasikika namba moja tu: "Amepata 58!" "Yule 63!" Lakini nyuma ya namba hiyo ziko namba nyingi, na hazina uzito sawa.

Mtihani huu ulianza Kongo mwaka 1967, ili mtoto wa Kinshasa na mtoto wa shule ya kijijini wapimwe kwa kipimo kimoja. Mpaka leo asilimia 50 ndiyo mlango wa diploma. Kuingia chuo kikuu ni jambo lingine: kuna fakilte zinazodai asilimia ya juu zaidi, au mtihani wao wenyewe.

Uzito wenyewe tunaujua tangu zamani. Kwenye buletini kila kozi ina maksima yake. Tuseme mtoto amepata 30 juu ya 50 katika hesabu, na 9 juu ya 10 katika kozi ndogo. Jumla ni 39 juu ya 60, yaani asilimia 65. Ukichukua 60 na 90 ukazigawanya kwa mbili, unapata 75, na hapo umekosea: hesabu ina nguvu mara tano. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD umeleta wazo hilohilo vyuoni kwa jina la kredi: 60 kwa mwaka, na kozi yenye kredi nyingi huvuta wastani zaidi.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda wamefuata njia nyingine. Huko herufi hugeuzwa kuwa pointi: A ni 6, B ni 5, C ni 4. Kisha chuo kikuu cha Makerere huzidisha kozi mbili za lazima kwa 3, na kozi ya tatu inayohusika kwa 2. Mwenye A na B katika kozi za lazima, na C katika ya tatu, anapata 18, 15 na 8: jumla 41. Herufi hizohizo, A ikiangukia kozi ya tatu, zinatoa 39. Tangu 1990 wasichana huongezewa pointi 1.5, kwa sababu walikuwa wachache mno vyuoni. Na pointi moja na nusu inatosha kumpita mtu kwenye orodha.

Ndiyo maana jambo hili linawagusa waliokimbia vita. Asilimia iliyotangazwa haisemi hesabu ilikuwa ngapi wala fizikia ngapi. Kwa Uganda, baraza la mitihani la huko, UNEB, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya kutoka nje, na chuo kinapima kozi moja moja.

Basi wazazi, mkifunga mizigo, diploma peke yake haitoshi. Bebeni pia buletini za miaka ya mwisho, na pigeni picha kila ukurasa. Namba moja inakumbukwa kichwani; zile zilizoijenga ziko kwenye karatasi tu.