ADA YA CHUO HUTOKA WAPI?
Historia fupi ya msaada wa masomo kwa wakimbizi



Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 hapa wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza zamani za Rais Banda. Katika kuikumbuka miaka hiyo, wengine wataandika juu ya safari, maji na chakula. Mimi kama mwalimu naomba kuandika juu ya fomu. Kila tangazo la msaada wa masomo linapobandikwa ubaoni, nasikia vijana wakisema: "Hizo ni za wenye bahati." Basi tutazame zilikotoka.

Mkataba wa 1951

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unasema kwamba katika shule ya msingi mkimbizi atatendewa sawa na raia. Kwa masomo ya juu zaidi, atatendewa vizuri kadiri inavyowezekana, na si chini ya wageni wengine. Miongoni mwa mambo ambayo kifungu kinayataja wazi ni kutambua vyeti vya nje, kusamehe ada, na kutoa msaada wa masomo. Lakini Malawi ilipojiunga na mkataba mwaka 1987 ilitamka kwamba inakihesabu kifungu hicho kuwa ushauri, si wajibu. Kwa vitendo, mtoto wetu hupata darasa la msingi bila kuandika barua, ila ada ya chuo lazima aiombe.

Waliotoa fedha

Mwaka 1978 shirika la WUSC la Kanada lilianza mpango wake wa wanafunzi wakimbizi. Mizizi ya shirika hilo ni misaada ambayo wanafunzi waliwapa wanafunzi wenzao huko Ulaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vyuo vingi vya Kanada kila mwanafunzi huongeza dola chache juu ya ada yake, na fedha hizo humpokea mkimbizi mmoja au zaidi. Kwa hiyo mtoaji si tajiri. Ni kijana aliyekaa darasani kama wewe. Vijana wa Dzaleka wamekwisha kwenda kwa njia hiyo.

Mwaka 1992 serikali ya Ujerumani na UNHCR walianzisha DAFI, mpango wenye jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi: mwaka 1933 aliamua kutorudi Ujerumani. Mpango huu hulipia masomo katika nchi ile ile mkimbizi alipopokelewa. Tangu hapo umewasomesha zaidi ya watu 20,000. Mwaka 2010 Wajesuti walileta masomo ya chuo kikuu kwa kompyuta hapa hapa kambini, na diploma yake ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis, Marekani.

Deni la aliyesoma

Majirani zetu Wamsumbiji walituachia funzo. Mwaka 1963 Eduardo Mondlane na mkewe Janet walianzisha Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam kwa ajili ya vijana waliokimbia, na wengine walipata nafasi za masomo ng'ambo. Baadaye viongozi wa FRELIMO walilalamika kwamba baadhi yao hawakutaka kurudi kuitumikia nchi. Kila mmoja apime mwenyewe. Lakini anayelipiwa na wengi asisahau waliobaki kwenye foleni.

Makaratasi

Katika mipango hii yote mlango umekuwa mmoja: makaratasi. Wanauliza cheti cha sekondari, alama zako, hati ya ukimbizi, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza. Sisi tuliotoka Kongo tulisoma kwa Kifaransa, na Diploma ya Serikali wengi tuliiacha nyumbani tulipokimbia risasi. Mimi nilivuka mpaka bila cheti changu cha chuo cha ualimu. Nilipoomba kuendelea na masomo, ofisi moja ilinijibu kwamba bila cheti jina langu haliwezi kusomwa. Cheti kilipofika mkononi mwa msafiri, siku ya mwisho ilikuwa imepita kwa wiki tatu. Nafasi ile haikurudi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: cheti cha mtoto kikae kwenye plastiki pamoja na kadi ya chakula, na nakala yake iwe kwa jirani. Msichana asiolewe fomu ikiwa bado haijajibiwa. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, bandikeni matangazo mapema, kwa Kiswahili pia. Na anayekataliwa aambiwe sababu, ili mwakani ajirekebishe.

Mwaka 2019 UNHCR na wenzake waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 wakimbizi 15 katika kila 100 wenye umri wa chuo wawe wanasoma. Mwaka 2023 walikuwa kama 7 tu. Nafasi bado hazitoshi, na wengi watakaoomba watakosa. Lakini asiyepeleka fomu amejinyima mwenyewe kabla hajanyimwa.

Kamati ikikubali, walimu tutakaa shuleni kila Jumamosi kusaidia kujaza fomu. Njoo na kalamu, na njoo na cheti.