Hisa za kampuni za setilaiti: Roketi moja yaweza kubadili hesabu zote

MWEKEZAJI anayenunua hisa za kampuni ya setilaiti hununua pia hatari isiyokuwamo katika biashara nyingi: mali ya mamilioni ya dola hupakiwa juu ya chombo kilichosheheni mafuta, na hatima yake huamuliwa kwa dakika chache.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kampuni ya Spacecom ya Israel. Septemba 1, 2016, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ililipuka huko Cape Canaveral, Florida, ilipokuwa ikijazwa mafuta kwa ajili ya jaribio la injini, siku mbili kabla ya safari. Setilaiti ya AMOS-6, iliyokuwa imekwisha kufungwa juu yake, iliteketea.

Setilaiti hiyo ilikuwa ikisubiriwa na Afrika. Facebook na Eutelsat zilikuwa zimekubaliana kukodi sehemu ya uwezo wake ili kupeleka intaneti katika nchi za kusini mwa Sahara. Mwasisi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alikuwa ziarani Nairobi siku hiyo.

Hisa za Spacecom zilishuka papo hapo katika soko la Tel Aviv, na siku zilizofuata zikaporomoka zaidi. Mpango wa kampuni ya China, Xinwei, kuinunua Spacecom kwa dola milioni 285 za Marekani, uliotegemea AMOS-6 ifike angani salama, nao haukutimia.

Hata hivyo, kujua kwamba roketi huweza kulipuka hakutoshi. Mwekezaji makini hujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza ni kiasi gani cha mapato ya kesho kimewekwa juu ya roketi moja. Spacecom ilikuwa na setilaiti chache, na miezi kumi tu kabla ya mlipuko, Novemba 2015, ilikuwa imepoteza mawasiliano na AMOS-5, iliyohudumia Afrika. Kwa upande wake, kampuni ya Iridium ilirusha setilaiti 75 katika safari nane za Falcon 9 kati ya Januari 2017 na Januari 2019. Safari moja ingeharibika, ingepoteza setilaiti zisizozidi kumi.

Swali la pili ni bima ipi inayolipa, na kuanzia lini. Kwa kawaida bima ya urushaji huanza injini zinapowashwa kwa nia ya kuruka. AMOS-6 iliungua kabla ya hapo, hivyo fidia ilitokana na bima ya shehena, kupitia mtengenezaji wake, Israel Aerospace Industries. Kwa upande wa SpaceX, mkataba uliipa Spacecom haki ya kuchagua dola milioni 50 au safari nyingine bila malipo. Maelezo ya namna hii hupatikana katika taarifa za fedha za kampuni, na ndiko yanakopaswa kusomwa.

Swali la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni muda. Bima hulipia chombo. Hailipii wateja waliohama wala miaka iliyopotea. Ili kubakiza wateja, Spacecom ililazimika kukodi setilaiti ya kampuni ya AsiaSat kwa dola milioni 22 kwa mwaka. Setilaiti yake ya kuhudumia Afrika, AMOS-17, iliyotengenezwa na Boeing, ilirushwa Agosti 6, 2019, ikitumia safari ile ya bure. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita.

Kwa hiyo rekodi nzuri ya roketi haitoshi kumtuliza mwenye hisa. Falcon 9 ilikuwa imeruka mara 28 kabla ya siku ile, na safari moja tu ndiyo iliyokuwa imeishia kwa chombo kuharibika angani. Kampuni yenye setilaiti nyingi, bima isiyo na pengo na akiba ya kuivusha miaka mitatu bila mapato mapya huweza kustahimili mlipuko. Isiyo na hayo hubaki ikiomba roketi ipae salama, na mwenye hisa huomba pamoja nayo.